Nakaa Kibaha kazi Posta, nimehamia gari la umeme: soketi imeungua na jirani analalamikia Luku, nifanyeje?

Mpangaji wa Maili Moja

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa mawazo hasa kwa mafundi umeme na wale mliotangulia kwenye haya magari.

Mi nakaa Kibaha, Maili Moja ndani kidogo, nyumba ya kupanga, kazi yangu ipo Posta. Kwenda na kurudi ukiweka na mizunguko ya hapa na pale ni kama kilomita 80 kwa siku. Miaka yote nilikuwa na IST, na kwa foleni ya Kimara mpaka Ubungo alafu Magomeni pale, ilikuwa inanila lita sita na nusu mpaka saba kila siku ya Mungu, yani ni karibu elfu ishirini kwa siku, kwa mwezi zaidi ya laki nne inaishia sheli tu. Mshahara haujaongezeka, watoto wawili shule, nikaona hapana. Nikauza IST nikaongezea nikaagiza Nissan Leaf ya 2018, betri ya kilowati-saa 40, kutoka Japani. Betri yake ina vipande vya afya 11 kati ya 12, ikijaa dashibodi inaniandikia kilomita 200 na kitu. Nikaondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri imejaa, nikirudi saa mbili usiku nakuta imebaki asilimia 55 hadi 60. Gari limenikubali kabisa, wala sijutii.

Shida ipo kwenye kuchaji. Nyumba ni ya wapangaji wawili, mimi na mama mmoja mtu mzima anauza maandazi pale stendi, tunachangia Luku moja. Parking hakuna, gari linalala uani chini ya mwembe. Kwahiyo nilikuwa natoa ekstensheni ile ya kuzungusha kwenye kigurudumu, inatoka sebuleni inapita dirishani mpaka kwenye gari. Wiki mbili ilienda vizuri. Wiki ya tatu usiku wa saa tisa mama watoto akaniamsha anasema kuna harufu ya plastiki, natoka sebuleni giza naona soketi inafuka moshi kidogo, nikazima meni swichi. Asubuhi nikaangalia, soketi upande mmoja imekuwa kahawia kama mkate ulioungua, na plagi yenyewe pini moja imelegea, plastiki imeyeyuka imeishika. Watoto wanalala chumba cha pili tu hapo. Tangu siku iyo sijalala usingizi wa kueleweka.

La pili ni huyo mama jirani. Zamani tukinunua umeme wa elfu tano tulikuwa tunapata yuniti kama 41, sasaivi elfu tano iyo iyo inaleta 14. Kanifata kwa ustaarabu tu, kaniambia "mwanangu, mimi natumia taa mbili, redio na kifriji changu, mbona umeme umekuwa ghali hivi tangu gari lako lije?" Sikuwa na jibu. Aibu niliyosikia ni kubwa, maana yule mama ndo anatupikia uji watoto wakiumwa.

Sasa wadau, nachajije kwa usalama kwenye nyumba ya kupanga, na hili la Luku linakaaje? Au niombe ofisini niwe nachaji kule kule mjini? Kwa sasa nalipaki gari napanda daladala.

Mama Wawili Kigamboni

Pole sana kaka, na Mungu ashukuriwe mkeo aliamka. Hiyo soketi usiiguse tena hata kuchajia simu, na hiyo ekstensheni ya kigurudumu itoe kwenye matumizi kabisa. Subiri mafundi waje ila mi nina cha kusema kuhusu kuchaji ofisini, nitarudi jioni.

Fundi Waya Tabata

Mkuu pole. Kabla sijasema lolote nijibu maswali mawili. Waya wa kuchajia unaotumia ni ule uliokuja na gari kutoka Japani? Na plagi yake ya mwanzo ilikuwaje, au kuna mtu alikata kichwa akafunga plagi yetu hii ya pini tatu bapa?

Mpangaji wa Maili Moja

Ndio fundi, ni ule ule wa Japani. Ulikuja na plagi ya ajabu ajabu haiingii popote, aliyenitolea gari bandarini akanitafutia kijana akakata akafunga plagi ya kawaida dakika tano tu nikawasha nikaona taa ya kijani nikajua mambo safi. Nimeenda kukiangalia kile kiboksi sasaivi kwa tochi, mgongoni kimeandikwa 200V 15A.

Fundi Waya Tabata

Basi jibu ndo ilo hapo mkuu, umelisoma mwenyewe kwa tochi.

Sikiliza. Kile kiboksi kazi yake ni kuliambia gari "chukua ampea kadhaa zisizidi hapa". Chako kinaliambia gari lichukue 15 na gari linatii, linavuta 14, 15 masaa yote. Kule Japani kina soketi yake maalum ya volti 200 inayoweza kubeba mzigo uo. Plagi yetu ya pini tatu mwisho wake ni ampea 13, na hata hizo 13 haikutengenezwa izibebe usiku mzima, ni ya birika, dakika tatu maji yamechemka imepumzika. Pasi nayo inawaka inazima inawaka inazima. Gari halipumziki. Masaa manne na zaidi mfululizo.

Utaniuliza mbona fyuzi haikukata. Ndani ya plagi kuna fyuzi ya 13 ndio, ila fyuzi ya 13 haikatiki kwa 15, inaweza kukaa na ampea 15 masaa na masaa yenyewe inachemka tu, na joto lake linaingia kwenye pini. Na breka ya soketi kwenye nyumba zetu nyingi ni 20 au 32, hiyo 15 haiwezi kuishtua hata kidogo. Kwahiyo hakuna kitu hata kimoja kwenye ile nyumba ambacho kingejua kuna hatari mpaka moto uwake. Pua ya shemeji ndo ilifanya kazi ya breka.

Alafu ongeza ekstensheni ya kigurudumu. Waya ukiwa umejizungusha joto halina pa kutokea, na zile za dukani nyingi nyaya zake ni nyembamba mno. Alafu ongeza soketi za nyumba za kupanga. Mi nimefungua soketi nyingi sana miaka hii na ninachokikuta ni kile kile, skrubu inayobana waya imelegea nusu mzunguko, ukiigusa na bisibisi inazunguka yenyewe. Kwa taa na redio haina neno. Kwa mzigo wa gari pale kwenye skrubu iliyolegea ndo panageuka jiko. Ile rangi ya kahawia upande mmoja ulioiona, ukifungua utakuta ni upande wa skrubu ambayo haijabana.

Sasa cha kufanya. Kile kiboksi cha Japani kiache. Tafuta chaja ya kubeba yenye kichwa cha Taipu 1, maana Leaf ya Japani ndo inatumia icho, na iwe ile ya kuchagua ampea, zipo zenye kitufe unaweka 8, 10, 13, 16. Kutoka kwenye mita vuta laini yake peke yake, haichangii na kitu kingine, waya wa milimita 6 japo 4 ingetosha, ila kesho ukitaka chaja kubwa hutavunja ukuta tena. Breka yake ya 16, na kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, RCD ya miliampea 30, hicho usikubali fundi akuambie hakina umuhimu. Mwisho wa laini weka soketi ya bluu ya mviringo, ile ya viwandani ya ampea 16 yenye kifuniko, iyo pini zake nene zinabana na imetengenezwa kwa mzigo wa muda mrefu. Ukutani nje, usawa wa kifua, chini ya paa.

Na eathi, yani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Hapa ndo pana watu wanaharibu. Chaja nzuri inapima eathi kabla haijaruhusu umeme, isipoiona inawasha taa nyekundu inakataa. Nishaitwa sehemu mbili mwenye gari anataka nimpe njia ya kuidanganya chaja iwake bila eathi, nimekataa. Gari ni bati kubwa limekaa juu ya matairi, umeme ukivuja ndani hakuna pa kwenda mpaka mtu aje ashike mlango na miguu iko kwenye tope. Zika nondo ya shaba, ipimwe kwa kipimo sio kwa macho. Na tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, akuandikie alichofanya, hata mwenye nyumba ataridhika.

Ukiweka ampea 10 ni kama kilowati 2.3. Kwa matumizi yako gari linakula yuniti 13 hivi, ongeza zinazopotea njiani kwa joto weka 14. Masaa sita. Ukichomeka saa nne usiku saa kumi alfajiri imejaa. Huitaji zaidi ya hapo, 16 ziache.

Kijana wa Chanika

fundi swali dogo, huku kwetu saa mbili usiku umeme unakuwa mdogo taa zinakuwa nyekundu, nimepima volti 185. gari si litavuta ampea nyingi zaidi kufidia? maana friji guard yangu huwa inakata

Fundi Waya Tabata

Hapana mdogo wangu. Gari linafuata ampea lililoambiwa. Volti zikishuka linapata nguvu ndogo tu kwahiyo linachelewa kujaa, ampea zinabaki pale pale. Ndio maana ni vizuri kuchaji kuanzia saa nne, tano hivi watu wakishazima majiko na pasi, volti zinarudi.

Mzee Karani

Mwanangu wa Maili Moja, mafundi wamemaliza habari ya waya, mimi niingie kwenye ya yule mama, maana ndiyo imenigusa.

Ilivyo ni kwamba mlikuwa kwenye kundi la matumizi madogo, wale wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, ambao yuniti moja pamoja na kodi na makato inakuja kama shilingi 122. Ukipita 75 kinachozidi unakatwa bei ya juu, na unaweza kuhamishiwa kundi la kawaida ambalo yuniti moja ni kama 356. Ndicho kilichowakuta. Gari lako peke yake kwa siku 22 za kazi ni yuniti 14 mara 22, yaani 308. Hakuna namna mita yenu ingebaki kundi la chini.

Sasa tupige hesabu ya huyo mama. Taa mbili, redio, friji ndogo, tuseme yuniti 35 kwa mwezi. Zamani kwa 122 ilikuwa 4,270. Sasa kwa 356 ni 12,460. Tofauti ni elfu nane na mia moja na tisini. Wewe umeacha kununua petroli ya laki nne na zaidi, umeme wa gari lako kwa mwezi ni 308 mara 356, laki moja na elfu tisa na ushee. Umeokoa laki tatu. Katika hizo laki tatu, elfu nane ni za yule mama, si zako, kwa sababu ni gari lako limemtoa kwenye kundi lake. Mpelekee mkononi tarehe moja kabla hajakuuliza. Na zile wiki tatu zilizopita rudisha.

Hiyo ni dawa ya leo. Dawa ya kudumu ni mita yako mwenyewe. Kaa na mwenye nyumba, muombe ridhaa ya maandishi, mpeleke maombi ya mita ya pili TANESCO, gharama ubebe wewe. Mita ikija, ile ya zamani abaki nayo mama, matumizi yakikaa chini ya 75 mfululizo aombe kurudishwa kundi lake. Wakati mnasubiri, fundi akufungie mita ndogo ya kusoma kwenye ile laini ya gari, kila asubuhi inaonyesha gari limekula ngapi, hakuna ubishi. Mambo ya kukadiria kati ya majirani huanza na heshima yakaisha vibaya, nimeyaona.

Mama Wawili Kigamboni

Nimerudi. Mzee Karani umesema vizuri mpaka nimefurahi.

Kaka, kuhusu ofisini. Mi natoka Kigamboni napita daraja la Nyerere, ofisi yangu iko mjini, nina Leaf ya zamani ya kilowati-saa 24 ambayo betri imechoka, nikiwasha AC inanipa kilomita 90 kwa tabu. Kwahiyo kwangu kuchaji mjini ilikuwa lazima sio hiari. Niliandika barua kwa utawala, nikaomba soketi moja ya kibanda cha walinzi, nikaahidi kulipa kila mwezi kwa kusoma mita ndogo. Walichukua miezi miwili kunijibu ila walikubali. Nashukuru mpaka leo.

Ila nikwambie kilichonikuta. Siku moja mwezi wa nne, mvua imenyesha tangu asubuhi, natoka saa kumi na moja jioni nakuta gari liko na asilimia 31, ile ile niliyofika nayo. Mlinzi wa zamu mpya alichomoa asubuhi achemshe maji ya chai akasahau kurudisha, hakujua hata ni kitu gani. Simlaumu, hakuna aliyemwambia. Jangwani maji yamejaa, barabara zote za kutokea mjini hazitembei, nikakaa kwenye gari nimezima AC vioo vimejaa ukungu nafuta kwa kanga, nahesabu asilimia moja moja. Nilifika nyumbani saa nne usiku na asilimia 9. Hapo ndo nilipojifunza kwamba gari linachajiwa linapolala. Mjini unaongezea tu ikipatikana. Na wewe Leaf yako ya 40 inaenda inarudi na bado inabaki nusu, kwahiyo huna sababu ya kumtegemea mlinzi wa mtu. Tengeneza nyumbani.

Ila omba ofisini pia, kwa ajili ya siku umeme ukikatika Kibaha usiku kucha. Tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere ianze kuwaka 2024 mgao ule wa 2023 hatujauona tena, lakini nguzo inaanguka, transfoma inaungua, mti unalalia waya, hayo bado yapo. Mi sheria yangu sishuki chini ya nusu nikiwa nyumbani, umeme ukikatika usiku mmoja bado kesho naenda kazini.

La mwisho ni joto. Hizi Leaf zetu betri yake haina maji ya kupoza, inategemea upepo tu wa njiani, na sisi tuko Dar. Usiijaze ikalala imejaa asilimia 100 wikiendi nzima juani. Kwenye gari kuna taima, iweke ianze kuchaji saa tano imalize karibu na muda wa kuondoka. Ijumaa iache na 60 tu, Jumapili usiku ndo uijaze. Na kule Posta tafuta kivuli hata ukitembea dakika tano. Mwembe wako wa nyumbani ni mali, usikubali waukate.

Kijana wa Chanika

asante dada. na kwenye foleni je, si inamaliza chaji? mi ndo kinachoniogopesha kununua, pale Ubungo naweza kukaa saa zima

Mama Wawili Kigamboni

Foleni ndo sehemu gari la umeme linapumzika. Likisimama mota haizunguki, hakuna injini inayonguruma. Kinachokula ni AC tu, kwa joto letu weka kama kilowati moja, yani saa zima umekaa Ubungo umepoteza kilomita sita hivi. Petroli ungekuwa unaunguza muda wote. Kinachokula chaji ni mwendo, ukitoka Mbezi kwenda Kibaha ile barabara mpya ya njia nane usiku imefunguka ukikanyaga 110 utaona asilimia zinavyoshuka. Tembea 80. Na kurudi Kibaha ni kupanda, kwahiyo usishangae jioni ikila zaidi ya asubuhi. Leaf kuanzia ile ya 2018 ina kitu kinaitwa e-Pedal, ukiachia mguu gari linajifunga lenyewe na linarudisha chaji kidogo, asubuhi kwenye miteremko ya Kimara utaipenda.

Msafiri wa Kitengela

Hamjambo ndugu zetu wa Bongo. Mimi niko Kenya, hutoka Kitengela kuingia Nairobi kila siku kupitia Mombasa Road, na nimesoma huu uzi wote nikaona ni kama ni mimi nimeandika. Sisi huku shida yetu ilikuwa keateka, yule msimamizi wa ploti. Nakaa ploti ya ghorofa nne, stima ya parking iko kwa mita ya landilodi, siku ya kwanza nimechomeka keateka akakuja mbio akidhani naiba stima. Tulikaa chini na landilodi, nikaweka mita yangu ya kusoma, kila mwisho wa mwezi tunasoma pamoja nalipa. Sasa wapangaji wengine wawili wamenunua ya umeme na yeye mwenyewe ndiye anawaonyesha wapi pa kupaki.

Kitu ningetaka mjue ni kwamba huku tangu 2023 kuna bei ya stima ya magari peke yake, mwaka huo ilikuwa shilingi 16 kwa yuniti mchana na 8 usiku, hizo ni kabla ya kodi na makato mengine. Lakini lazima uwe na mita tofauti ya gari, haiwezi kuchanganywa na ya nyumba. Mambo yote yanarudi kwa mita. Huyo mzee amewaambia ukweli, pigania mita yako kwanza. Na huko kwenu mkiwa wengi wenye mita za magari peke yake, mtakuwa na hesabu ya kupeleka kwa wanaopanga bei mkiomba ya usiku ishuke, kwa sababu usiku watu wamelala na mitambo inazunguka tu. Nimesikitika kusikia yule mama wa maandazi alipandishiwa. Mfikishieni salamu.

Fundi Waya Tabata

Ndugu wa Kitengela umenikumbusha kitu. Wenye magari ya Kichina msinunue chaja kabla hamjaangalia tundu la gari lenu. Yaliyotengenezwa kwa soko la China yana tundu la GB/T, Leaf za Japani Taipu 1 na lile kubwa la kuchaji haraka la CHAdeMO, yaliyotengenezwa kwa Ulaya Taipu 2. Mtu ananunua kichwa kisichoingia alafu anatafuta adapta ya mtaani, tunarudi kule kule kwenye soketi ya kahawia.

Mpangaji wa Maili Moja

Wakuu nimerudi na mrejesho, imepita wiki ya tatu sasa.

Kwanza nilifungua ile soketi na fundi mwenye leseni niliyempata hapa Kibaha. Skrubu ilikuwa imelegea, ile ya upande wa kahawia, fundi Tabata ulisema bila hata kuiona. Waya wa nyuma ganda lake limekauka, ukiligusa linapukutika kama majivu. Nimeiweka kwenye droo, sitaitupa.

Mwenye nyumba alikuwa mgumu siku ya kwanza, anaogopa nyumba itaungua, na mimi nikamwambia mzee una haki ya kuogopa, njoo uone mwenyewe. Alikuja, akaiona soketi, akaona mchoro wa fundi, akasaini. Laini imevutwa ya milimita 6 kutoka kwenye mita, breka, RCD, mita ndogo ya kusoma, nondo ya eathi imezikwa karibu na bomba la nje. Siku ya kwanza chaja mpya iligoma, taa nyekundu, fundi akarudi akakuta kiungo cha eathi hakijabanwa vizuri, akabana, ikawa kijani. Kumbe ile ya zamani ilikuwa inawaka kijani wiki zote bila kujua nyumba haina eathi kabisa, fundi alipima soketi zote za ndani akakuta hazina. Tumeziunganisha zote.

Nachaji kwa ampea 10, taima saa tano usiku. Wiki ya kwanza niliamka saa nane na saa kumi kila usiku naenda kuishika plagi kwa mkono. Ni ya baridi. Uvuguvugu tu kidogo kama glasi ya chai iliyosahaulika. Wiki hii nimelala. Mita ndogo inasema wastani ni yuniti 13.6 kwa siku, kwahiyo hesabu zenu zimekaa pale pale.

Mama jirani nilimpelekea elfu nane na mia mbili, na za wiki za nyuma juu yake, nikamweleza habari yote ya makundi ya Luku kama Mzee Karani alivyoandika. Alisikiliza mpaka mwisho akasema "kwahiyo nilikuwa nakulipia gari" nikamwambia ndio mama, ulikuwa unanilipia. Alipokea. Asubuhi yake nilikuta maandazi sita juu ya boneti yamefunikwa na sahani. Maombi ya mita ya pili yameshaingia, tunasubiri wapimaji.

Ofisini nimeandika barua, bado hawajajibu.

Nimebakiwa na swali moja fundi. Mvua za masika zikianza, chaja inakaa nje usiku kucha na gari liko chini ya mwembe, naruhusiwa kuchaji mvua ikinyesha?

Fundi Waya Tabata

Unaruhusiwa. Kile kichwa kikishaingia kwenye gari kina mpira wa kuzuia maji na umeme hauji mpaka kifungike. Usichofanya ni kukiacha kiboksi chini kwenye dimbwi. Kitundike ukutani kwenye msumari juu ya soketi, na waya uache uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, maji yadondokee pale chini yasifate waya kuingia ndani. Soketi ya bluu kifuniko chake kiangalie chini. Na majani ya mwembe yatoe kwenye tundu la gari kila unapochomoa, hayo nimeyakuta mara nyingi kuliko maji.

Mpangaji wa Maili Moja

Nimeenda kupigilia msumari sasaivi. Asanteni sana wakuu, wote.